Namna ya kumfuatilia Katharine Hepburn bila kupotea njiani

Watu wengi wakitaka kumjua staa wa zamani wanafungua orodha ya tuzo, wanaanza na muvi iliyobeba Oscar ya kwanza. Kwa Katharine Hepburn, mwigizaji wa Marekani, hiyo ndo njia mbaya kuliko zote, maana Oscar yake ya kwanza ni ya Morning Glory ya 1933 na ukianza na hiyo utamwona binti anaongea mbio mbio kwa sauti kali, utajiuliza hivi sifa zote zile zilikuwa za nini, na humrudii tena. Kwa hiyo naweka hapa mpangilio ninaouona unamfaa mtu anayeanza sifuri kabisa, na katikati ya hizo muvi nimechomeka mambo ya stejini ambayo huwezi kuyaona leo ila lazima uyajue, kwa sababu huyu mama kila sinema ilipomkataa alikimbilia jukwaani, akajipanga, akarudi. Ukimwangalia kwa muvi tupu umepata nusu mtu.

Kabla hujatafuta chochote hakikisha unaye mtu sahihi. Audrey Hepburn ni mwingine kabisa, alizaliwa Ubelgiji 1929 na hawana undugu. Huyu wetu ni Katharine, kwa A katikati, ukiandika Katherine bado utampata ila na takataka nyingi. Mmarekani wa Hartford, jimbo la Connecticut, baba daktari, mama mwanaharakati aliyepigania wanawake wapige kura na baadaye akapigania uzazi wa mpango, yani nyumba ambayo mtoto wa kike alikuwa anaruhusiwa kubishana mezani. Hilo likumbuke, maana nusu ya wahusika wake ni wanawake wanaobishana.

Kipimo kingine cha haraka ni tarehe ya kuzaliwa. Ya kweli ni 12 Mei 1907. Ukikuta mahali pameandikwa 8 Novemba 1909 ujue aliyeandika kanakili vitu vya zamani, na sio kosa lake peke yake, kwa miaka mingi Hepburn mwenyewe alikuwa akiitaja hiyo Novemba 8. Ni siku ya kuzaliwa ya kaka yake Tom, aliyefariki 1921 akiwa bado kijana, na dada mtu ndo aliyemkuta. Akaichukua ile siku akaifanya yake mpaka 1991 alipoweka mambo wazi kwenye kitabu cha maisha yake, Me. Kwa hiyo ukiona tarehe ya zamani, na mengine yaliyoandikwa hapo yasome kwa tahadhari.

Haya, muvi ya kwanza iwe The Philadelphia Story ya 1940. Ila usibonyeze bado, kuna stori nyuma yake na usipoijua utaona ni komedi ya matajiri wanaogombana tu.

Mwaka 1938 chama cha wenye majumba huru ya sinema Marekani kililipia tangazo kwenye gazeti la biashara ya muvi, wakataja mastaa waliodai ni sumu ya mauzo ya tiketi, na Hepburn alikuwemo pamoja na Joan Crawford, Greta Garbo, Marlene Dietrich na Fred Astaire. Studio yake RKO ikataka kumtupia kimuvi cha hadhi ya chini, akakataa, akajinunua kutoka kwenye mkataba kwa hela yake mwenyewe, akafanya muvi moja kwa studio ya Columbia halafu akarudi kwao Connecticut. Watu wakasema basi, kaisha. Mwandishi wa michezo Philip Barry akamwandikia mchezo unaomtosha kabisa, ukafunguliwa Broadway, yani kwenye majumba makubwa ya michezo ya jukwaani New York, Machi 1939 na ukaonyeshwa mara 417. Halafu sikia ujanja wenyewe: haki za kuutengenezea muvi zilikuwa mkononi mwake, Howard Hughes, yule tajiri wa ndege, alimsaidia kuzinunua mapema. Hollywood ilipoutaka ule mchezo ikabidi waje kwake, akawauzia studio ya MGM kwa masharti kwamba yeye ndo staa, anayeongoza ni George Cukor, na wanaume wawili wakubwa wawe pembeni yake. Aliwataka Clark Gable na Spencer Tracy, akapewa Cary Grant na James Stewart, na nadhani hakuna aliyelalamika mpaka leo.

Sasa bonyeza. Angalia mwanzo kabisa ambapo hakuna mtu anayesema neno, mke anamtupia mume vitu vyake nje, anavunja fimbo moja ya gofu kwenye goti, na jamaa anamsukuma usoni mpaka anaanguka. Watazamaji wa 1940 walikuwa wamemchoka yule dada wa kizazi cha pesa mwenye kiburi, na Barry alilijua hilo, ndo maana mchezo mzima unamchukua mwanamke aliye juu sana na kumshusha taratibu mbele ya watu waliolipa hela kuona akishuka. Ni dawa ya jina lake kuliko hadithi ya mapenzi. Ukiitazama kwa jicho hilo inakuwa kali zaidi, na pia inaanza kukukera kidogo, na kukereka huko ni sawa kabisa.

Ushauri wa kiufundi hapo hapo: wanaongea haraka mno na wanaingiliana, kwa hiyo washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako kiko vizuri, na usikubali toleo lolote lililopakwa rangi na kompyuta, taa za zile muvi zilipangwa kwa ajili ya nyeusi na nyeupe, ukizipaka rangi uso wa mtu unakuwa kama plastiki.

Ukimaliza hiyo rudi nyuma miaka miwili, tazama Holiday na Bringing Up Baby, zote za 1938, zote na Cary Grant. Holiday ndo ile ya Columbia niliyoitaja, na ina siri ya stejini: ni mchezo wa Philip Barry huyo huyo, na ulipochezwa Broadway 1928 Hepburn alikuwa mwigizaji wa akiba wa Hope Williams, yani yule anayejifunza maneno yote halafu anakaa nyuma akisubiri mwenzie augue. Miaka kumi baadaye nafasi ikawa yake. Ukijua hivyo utaona anavyoishika ile nafasi kama mtu aliyeisubiri. Bringing Up Baby yenyewe ni wazimu mtupu, kuna chui na mfupa wa dainosa, na wakati ule haikuuza ndo ikachangia ile aibu ya sumu, leo inahesabiwa kati ya komedi bora kabisa za enzi ile. Inasimuliwa kwamba mwanzoni alikuwa anachekesha kwa kujilazimisha, mpaka mwongozaji Howard Hawks akamwita mchekeshaji mkongwe Walter Catlett amwonyeshe kwamba komedi inachezwa kwa uso wa mtu aliye siriasi. Linganisha basi na muvi zake za mwanzo, utaona tofauti mwenyewe.

Za mwanzo zenyewe usizichukue zote. Chukua Little Women ya 1933 na Alice Adams ya 1935, hasa ile karamu ya chakula cha jioni ambapo binti wa familia isiyo na kitu anajifanya wanacho, joto kali, kila kitu kinaharibika na yeye anaendelea kutabasamu. Ni ngumu kuitazama bila kuona aibu kwa niaba yake. Sylvia Scarlett ya 1935 anapojivika uvulana, hiyo ni ya wadadisi, iliangusha watu vibaya mno ilipotoka lakini mi naipenda. Morning Glory weka mwisho kabisa wa foleni hii.

Na sehemu ya steji ya kipindi hicho ni ya maumivu. Alimaliza chuo cha Bryn Mawr 1928, mwaka huo huo akapewa nafasi kubwa kwenye mchezo mmoja, akacheza onyesho moja la ufunguzi akafukuzwa, hofu ilimfanya aongee kwa kasi mpaka hakusikika vizuri. Kilichomtoa ni The Warrior's Husband, Broadway 1932, ambamo aliingia akishuka ngazi mbio na mzoga wa paa begani, na ni kule ndo Hollywood ikamwona. Mwaka 1933, tayari ni staa wa muvi, akarudi jukwaani na The Lake na ikawa balaa. Ile kejeli inayosemwa ni ya mwandishi Dorothy Parker, kwamba Hepburn alionyesha hisia zote kuanzia A mpaka B, ilitoka hapo. Mwisho alimlipa prodyuza hela zake ili wasiupeleke ule mchezo kwenye ziara. Mtu mwingine angeichukia steji milele, huyu akazunguka Marekani na Jane Eyre msimu wa 1936 na 1937 mbali na wahakiki wa New York, akajifunza upya.

Sasa tunaingia kwa Spencer Tracy na hapa ndo wengi wanapotea, kwa sababu intaneti inataka kukupa mapenzi kabla ya kazi. Yapo, yalikuwepo, alikuwa mume wa mtu na hakumwacha mkewe Louise, ila mambo hayo yasome baadaye. Pamoja walifanya muvi tisa kuanzia 1942 mpaka 1967, huhitaji zote. Anza na Adam's Rib ya 1949, mume na mke wote wanasheria, wanakutana mahakamani kila mmoja upande wake. Kuna tukio la mapema ambapo Hepburn anamhoji mteja wake anayechezwa na Judy Holliday, kamera haikatwi kwa dakika kadhaa na muda wote imemkalia Holliday, Hepburn kajiweka pembeni kwa makusudi ili yule dada aonekane, maana yeye na Cukor walikuwa wanataka wakubwa wa studio wamwone Holliday. Rudia hilo tukio mara mbili, mara ya pili mwangalie Hepburn tu anavyosikiliza.

Halafu Pat and Mike ya 1952, gofu na tenisi anacheza mwenyewe, alikuwa mwanamichezo wa kweli. Woman of the Year ya 1942 ndo ya kwanza kwao lakini itazame ya tatu, kwa sababu mwisho wake ulibadilishwa baada ya onyesho la majaribio, wakaweka mwandishi wa habari mwenye akili zote zile anahangaika jikoni kutengeneza kifungua kinywa, na Hepburn mwenyewe hakuupenda. Ukishamzoea utauona ule mwisho ulivyobandikwa.

The African Queen ya 1951 kwa msomaji wa huku ina utamu wake na ina uchungu wake. Hadithi imewekwa Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, yani nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, vita vinaanza, mmisionari wa kike na fundi mlevi wa boti wanashuka na mto wakitaka kulipua meli ya kivita ya Wajerumani ziwani. Hiyo meli ya kwenye hadithi ilichochewa na ya kweli, Graf von Götzen, ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, Waingereza wakaiibua, na ndiyo hiyo hiyo MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Muvi yenyewe walipigia Kongo ya Wabelgiji na Uganda, sehemu za majini wakamalizia studio London. Watu wa kazi waliugua karibu wote, Hepburn aliharisha vibaya kwa sababu alikuwa anakunywa maji, wakati Humphrey Bogart na mwongozaji John Huston walishikilia wiski na wakabaki wazima. Baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu ile safari.

Cha kuangalia humo: Huston alimwambia amcheze Rose, yule mmisionari, kama Eleanor Roosevelt, mke wa rais Franklin Roosevelt, anapotembelea majeruhi hospitali, na tabasamu la heshima juu. Mwangalie sasa kuanzia anapomwaga chupa za jamaa mtoni. Ni mwanamke wa miaka 44 kapewa hadithi ya mapenzi na hatari, bila kufanywa kichekesho, wakati ambapo studio zilikuwa zinawaweka wa umri huo kuwa mama wa mtu. Uchungu ni kwamba Waafrika humo ni kelele za kanisani na kijiji kinachochomwa, hakuna mwenye jina la kukumbukwa. Tazama ukijua hivyo.

Baada ya hapo wengi wanaruka moja kwa moja mpaka 1967, na hapo ndo nusu ya pili ya mtu inapopotea. Kwanza mwaka 1950 alikuwa kashacheza Rosalind wa As You Like It huko Broadway, umri wa miaka 42, akijua fika watakuja kuangalia kama staa wa muvi anaweza Shakespeare. Mwaka 1955 akazunguka Australia na Old Vic, kundi la michezo ya jukwaani la London, kwa miezi kadhaa, michezo mitatu, akiwemo Portia wa The Merchant of Venice, na Portia huyo akamrudia 1957 kule Stratford ya Connecticut, na 1960 akacheza Cleopatra hapo hapo. Hakuna muvi ya haya, ila kuna njia: soma mchezo wenyewe ukiwa na sauti yake masikioni. Na hapa sisi tuna bahati, The Merchant of Venice Mwalimu Nyerere alishaitafsiri, Mabepari wa Venisi, ilitoka 1969. Chukua ile hukumu ya mahakamani, isome kwa sauti, halafu rudi ukamtazame Hepburn mahakamani kwenye Adam's Rib. Utashangaa. Picha na barua za stejini ziko kwenye maktaba ya sanaa za jukwaani ya New York, makaratasi ya muvi yako maktaba ya Academy, wale wanaotoa Oscar, huko Beverly Hills, na mavazi mengi yako makumbusho ya chuo cha Kent State, Ohio. Ukitafuta picha anzia kwa hao.

Matunda ya hiyo miaka utayaona kwenye Long Day's Journey into Night ya 1962, mchezo wa Eugene O'Neill uliopigwa kama muvi na Sidney Lumet. Ni karibu saa tatu, familia moja, nyumba moja, mama ni mraibu wa mofini. Usiitazame umechoka, na usiigawe siku mbili mbili, inajengeka polepole mpaka ile sauti yake iliyokuwa inawakera watu miaka ya thelathini inageuka kuwa kitu kinachotisha. Kwangu mimi hii ndo kazi yake kubwa kuliko zote nne za Oscar, ilimpa tuzo ya mwigizaji wa kike kwenye tamasha la muvi la Cannes na Oscar akaikosa.

Guess Who's Coming to Dinner ya 1967 sasa. Tracy alikuwa mgonjwa kiasi kwamba kampuni za bima zilimkataa, Hepburn na mwongozaji Stanley Kramer wakaweka mishahara yao rehani ndo kazi ikaanza. Tracy alikuwa anafanya saa chache tu kwa siku. Alikufa 10 Juni 1967, siku 17 baada ya kumaliza tukio lake la mwisho. Ikiwa ni muvi kuhusu ubaguzi wa rangi, imezeeka, Sidney Poitier kapewa mtu mkamilifu mno kuwa binadamu, lakini hotuba ya mwisho ya Tracy mwangalie Hepburn nyuma yake, macho yamejaa machozi, halafu kumbuka Hepburn hakuwahi kuitazama muvi ikiwa kamili. Mazishini pia hakwenda, kwa heshima ya mke na watoto.

Kisha bila kupumzika The Lion in Winter ya 1968, yeye ni malkia Eleanor, mwenzie ni Peter O'Toole, matusi ya kifalme mwanzo mwisho, raha tupu. Oscar ya hiyo alifungana kura na Barbra Streisand. Hakwenda kuichukua, kama ambavyo hakwenda kuchukua hata moja kati ya zile nne, na mpaka leo hakuna mwigizaji mwingine mwenye nne za uigizaji. Ukumbini alitokea mara moja tu, 1974, tena kumpa mtu mwingine tuzo.

Coco ni ya kusikiliza, sio kutazama. Ni mchezo wa nyimbo kuhusu mbunifu wa mavazi Coco Chanel, Broadway, Desemba 1969, mama wa miaka 62 asiyejua kuimba anaimba, na kuna rekodi ya waigizaji. Sauti inakwaruza kama kijiko kwenye sufuria na bado watu walijaza ukumbi, na alipoondoka mchezo haukukaa sana.

Hapo utakuwa umeanza kuona kichwa kinamtikisika kwenye kazi za miaka ya sabini. Watu huandika Parkinson, sio, yeye mwenyewe alikana, ulikuwa mtetemo wa aina nyingine. Mahojiano yake na mtangazaji wa tv Dick Cavett ya 1973 yatazame katikati ya hatua hii na sio mwanzoni, anakuja na suruali yake, anaanza kupanga fanicha za watu kwenye studio, na ukiwa tayari umemwona Rose na Eleanor utajua wapi anaigiza na wapi haigizi, au angalau utadhani unajua.

On Golden Pond ya 1981 na Henry Fonda ndo Oscar ya nne, laini kuliko nilivyotarajia kwa watu wakali vile, ila wanavyotazamana inatosha, na msimu huo huo alikuwa Broadway na The West Side Waltz. Kinachofuata ni muvi za tv nyingi, chagua Love Among the Ruins ya 1975 na Laurence Olivier, nyingine ruka. Love Affair ya 1994 ndo ya mwisho kwenye majumba ya sinema, yumo kidogo tu, itazame kama umebaki na hamu.